Kadi ya bima imepita mara sita, leo wananambia sindano za Kichina "hazimo"

Salamu wanajukwaa. Samahani kwa urefu, nina hasira na kiuno kinaniuma, vyote kwa pamoja.

Nafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja kule Nungwi. Vyumba kumi na nne kwa zamu, na magodoro ya watalii si haya yetu ya sufi. Ukiinua kona moja utie shuka, kama umeinua ng'ombe. Mwaka wa nne huu. Tokea Mfunguo Mosi kiuno kimekataa. Nikiinama kusugua choo, sinyanyuki mpaka nishike ukuta.

Kazini tuna bima ya kampuni binafsi (jina nalihifadhi), kila mwezi nakatwa 35,000. Nilianza kwa njia zao. Vidonge vya diklofenaki, wamelipa. Sindano za diklofenaki, wamelipa. Picha ya mgongo, wamelipa. Tumbo likaanza kuwaka kwa vile vidonge, dawa za tumbo nazo wamelipa! Miezi mitatu, kiuno kiko palepale na tumbo juu yake.

Ndipo daktari akaniandikia barua niende kliniki moja mjini kwa daktari wa Kichina. Dada wa dirishani akapitisha kadi, akawapigia simu watu wa bima, akaandika namba ya kibali kwenye fomu kwa kalamu nyekundu. "Imepita, ingia." Mara sita nimekwenda, mara sita imepita.

Kwa wasioijua akupancha, yaani hizo sindano za Kichina: ile sindano nyembamba kama unywele, haina dawa ndani. Unalala kifudifudi, anakutia za kiunoni na nyingine nyuma ya goti (nilimuuliza goti na kiuno wapi na wapi, akacheka), anakuwashia taa nyekundu ya joto, nusu saa. Ikiingia unahisi uzito, ganzi inashuka mpaka kisiginoni. Sikupona, nisiseme uongo. Lakini baada ya mara ya nne nilirudi kusujudu, mana'ke wiki ngapi nilikuwa nasalia kitini.

Jana kliniki wananipigia: bima imerudisha madai yote sita, nadaiwa 240,000. Nikawapigia bima. Kijana ananambia, "Hiyo ni tiba asili, haimo kwenye kifurushi chako." Na namba ya kibali? "Ile ya kumuona daktari tu, si ya tiba." Kwani nilikwenda kumuona kama sinema?

Tiba asili! Wamenitia fungu moja na kombe na chuku. Sidharau chuku, bibi yangu Wete alikuwa akiumikwa kwa pembe na kesho yake yuko kondeni. Lakini madaktari wa Kichina wamekuja visiwani humu tokea 1964, wako hospitali ya Mnazi Mmoja, wako ya Abdulla Mzee kule Mkoani, leo ndio wamekuwa waganga wa ramli? Na huko Marekani, Medicare, bima ya serikali kwa wazee wao, tokea Januari 2020 inalipia sindano hizi: maumivu sugu ya kiuno tu, mara 12 ndani ya siku 90, 8 nyingine ukionekana unapata nafuu, zisizidi 20 kwa mwaka. Huna nafuu, wanakukatia. Kichwa hawalipi, goti hawalipi. Hata sisi wangetuwekea mpaka kama huo ningenyamaza. Umeandikwa, mtu anaujua kabla hajavua nguo.

Sisi tumepewa kijitabu cha Kiingereza kitupu. Mwanangu wa kidato cha tatu kanisomea jana usiku mpaka umeme ukakatika: fiziotherapia imo, akupancha haikutajwa popote, si kwenye wanayolipa wala kwenye wasiyolipa. Yaani wameamua wao, mimi nishachomwa.

Wangenikatalia siku ya mwanzo ningetafuta pesa, au ningerudi na kiuno changu nyumbani. Wamekubali mara sita ndio wanakumbuka kukataa.

Kuna aliyepitia haya akalipwa? Nataka kupeleka TIRA, ile mamlaka inayosimamia kampuni za bima, fomu zote sita ninazo na kalamu yake nyekundu. Anayejua wanaanzia wapi anielekeze, nina siku moja tu ya mapumziko kwa wiki.

Na asije mtu hapa akanambia ninywe tangawizi.