Naenda fildi ya uhasibu: nilipie kozi ya Tally au nikomae na Excel?

Chipukizi_wa_Leja
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa tatu uhasibu, Dar. Nimepata fildi (mafunzo kwa vitendo) kwa muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Urari na mizania natoa bila shida, ila kwa karatasi na kikokotoo. Kompyuta tulisoma mwaka wa kwanza, tena nadharia tupu. Kuna kituo kinafundisha Tally, ile programu ya uhasibu, kwa laki moja na nusu, na hela niliyonayo ndiyo hiyo. Nilipie?

MamaDebiti
Mdogo wangu, hiyo hela iweke nauli. TallyPrime, toleo la Tally la sasa, ina hali ya kujifunzia, bure kabisa. Tarehe za miamala tu ndizo zimebanwa: ya 1, ya 2 na ya mwisho wa mwezi. Kwa mazoezi inatosha.

Mimi ndiye napokea watoto wa fildi ofisini kwetu, biashara kama hiyo unayoenda. Tally wanaizoea ndani ya wiki. Wanapokwama ni hapa: nampa taarifa ya benki niliyoipakua, namwambia nijumlishie zilizoingia. Anaandika SUM, fomula ya kujumlisha, inaleta sifuri. Anaitazama kompyuta kama imemtukana! Kumbe zile tarakimu Excel inazisoma kama maandishi, kwa kuwa kila moja imebeba nafasi isiyoonekana ambayo hata TRIM, fomula ya kufuta nafasi, haiitoi. Mpaka aifute kwa SUBSTITUTE na CHAR(160), halafu VALUE igeuze maandishi kuwa namba. Akivuka hapo, tarehe nazo: 03/04 ni Aprili 3, Excel imesoma Machi 4, na usuluhisho wa benki (kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki) hauwezi kukaa sawa.

Bado lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokea malipo kwa simu. Wateja saba wamelipa, benki imeingia hela moja kwa mkupuo, makato yameshakatwa. Ankara saba kwa ingizo moja, na bosi anataka kujua tofauti imekwenda wapi.

Na VAT, jamani. Risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, ni 1,180,000, kodi imo ndani kwa kiwango cha 18%. Mtoto anapiga asilimia 18 ya yote, anapata 212,400. Unazidisha kwa 18, unagawa kwa 118: 180,000. Kwenye mtihani alilipata hilo, mbele ya Excel limeyeyuka, na ritani ya VAT mwisho ni tarehe 20.

Kaka_Ajira
Nakupinga kidogo dada. Mwajiri mwenye rundo la maombi mezani hakuoni ukisafisha tarakimu. Tangazo limetaja Tally au QuickBooks, wasifu wako hauna, unawekwa pembeni. Cheti kina kazi yake.

Hesabu_NRB
Huku Nairobi wimbo ni eTIMS, mfumo wa KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ukitoa chache zilizosamehewa, haikubaliki kupunguza kodi ya mapato. Kwa hivyo mwanafunzi akija kwetu, kazi ya kwanza ni kupitia ankara za wauzaji: PIN yetu, yaani namba ya mlipa kodi, imeandikwa sawa?

Mtumishi_Dom
Ukilenga serikalini, malipo yanapita MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, na huo mfumo hupewi ukajifunzie nyumbani. Utaukuta kazini.

Chipukizi_wa_Leja
Asanteni sana. Dada, taarifa ya benki ya mazoezi naipata wapi? Yangu ni vocha na nauli tu.

MamaDebiti
Omba ya duka la ndugu, mwezi mmoja, kwa ridhaa yake. Futa majina na namba za simu za wateja kabla hujaanza. Iweke pamoja na ripoti za Z (jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na mashine ya EFD) za mwezi huo huo, kisha utafute siku ambazo mauzo ya mashine na hela iliyoingia havilingani. Nakuhakikishia zipo.

Kaka Ajira ana hoja, ila cheti kinangoja hadi umalize fildi. Ukikwama kwenye fomula iandike hapa yote tuione, usilete picha ya skrini iliyokatwa nusu.