Kupunguza uzito bila kununa, nyie mnafanyaje mazoezi yawe raha?

MamaWawili_Mbezi

Habarini wapendwa, naomba ushauri wa dhati maana nimefika mahali nalia jikoni. Nina miaka 34, mtoto wa pili ana miezi tisa na bado ananyonya, nilianza na kilo 91 sasa nina 86 na hapo ndo nimeganda, hii wiki ya tano. Nimelipia jimu, nikifika napanda ile mashine ya kukimbilia natazama ukuta dakika arobaini, narudi nyumbani nimenuna, watoto wakiniita nawajibu kwa ukali alafu baadae naumia moyoni. Asubuhi kitu cha kwanza mzani, ukishuka nacheka, ukipanda siku nzima imeharibika. Na mtaani ndo usiseme, kabla sijaanza walikuwa wananiambia mama umenenepa umependeza, sasa nimepungua kidogo tu jirani kanivuta pembeni ananiuliza dada unaumwa? au kuna shida huko ndani?

Mimi nilikuwa mtu wa kucheka sana jamani. Sitaki nipungue alafu watoto wangu wakumbuke mama mkali. Mliofanikiwa mlifanyaje?

mtu_wa_Temeke

Pole sana dada. Hiyo jimu iache kwanza uje jogging. Huku kwetu Temeke hadi Mbagala klabu za jogging ziko nyingi tu, mwisho wa wiki alfajiri mnakutana, fulana za rangi moja, mbele kuna anayeanzisha nyimbo za mchakamchaka kama zile za shule ya msingi na nyie wengine mnaitikia mnapiga makofi, watoto wa mtaani wanatoka kuwafuata mpaka kona ya mwisho. Mimi nilianza nina kilo 104, siwezi kukimbia hata kituo kimoja cha daladala kufika cha pili, nikawa nakaa nyuma na wamama watu wazima wanaotembea haraka haraka, na hakuna aliyenicheka hata mmoja. Mtu akiachwa sana wa mbele wanageuza wanarudi kumchukua wanamuingiza katikati. Siku ya kwanza waliponirudia mimi nilitaka kulia.

Na kule kuimba kuna kazi yake, ukiona huwezi hata kuitikia ujue umekwenda kasi kuliko pumzi zako, unapunguza. Angalizo ni pale baada ya mbio, watu wanashuka kwenye supu na chapati tatu tatu. Mimi nachukua supu na chapati moja, naila kwa amani kabisa.

bi_rede

Mdogo wangu, watoto wako wanakuita na wewe unawafokea ili ukafanye mazoezi, mbona mazoezi yenyewe ndo hao? Huyo mkubwa mfundishe rede. Unakumbuka rede? Wawili wanasimama huku na huku wanarusha mpira wa soksi, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Kaa katikati wewe. Dakika kumi tu utatoka jasho ambalo mashine ya ukutani haijawahi kukutoa, unainama, unainuka, unaruka, unageuka, na mtoto anacheka mpaka anakaa chini. Mimi nina miaka 47 nacheza na wanangu na watoto wa jirani jioni kabla ya magharibi, nimefunga kanga kiunoni. Mvua ikinyesha tunaingia sebuleni nawasha singeli, ile midundo haikuachi usimame, nyimbo nne mfululizo bila kukaa mwili umechemka. Na huyo jirani mjibu kwa upendo, mwambie siumwi nafanya mazoezi, njoo tutembee wote. Wangu mimi alikuja kweli, mpaka leo ndo mwenzangu wa kutembea.

Askari_mstaafu

Samahani kama nitaudhi, ila mazoezi sio lazima yawe raha. Dawa chungu unakunywa. Mimi nilipunguza kilo 18 kwa kuamka saa 11 kila siku nitake nisitake.

bi_rede

Kaka hongera sana na nakuheshimu, ila dozi ya dawa ina mwisho, hii ni ya maisha yote. Mama mwenye mtoto anayenyonya usiku hiyo saa 11 ndo kwanza analala.

nesi_wa_zamu

Mama, hapo kwenye mzani ndo naona tatizo kubwa. Uzito wa asubuhi hadi asubuhi unacheza hata kilo moja au mbili kwa sababu ya maji tu, ukila chumvi nyingi jana, ukikaribia hedhi, usipopata choo, sio mafuta hayo. Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, na chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno, mara nyingi kiuno kinapungua wakati mzani umeganda. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha kabisa, na wewe unanyonyesha hivo usijinyime, njaa nayo inamfanya mtu awe mkali. Kula ugali wako kiasi, maharage, mboga nyingi, samaki. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hata ukizigawa vipande vipande, na rede inahesabika.

Mawili ambayo wamama wanaona aibu kuuliza. Ukiruka mkojo ukaponyoka, inatokea kwa wengi baada ya kujifungua na ina tiba, sema kliniki wakuelekeze mazoezi ya kubana misuli ya nyonga. La pili, huko kulia jikoni, kama ni karibu kila siku na imepita wiki mbili, na hata vitu ulivyopenda havikufurahishi, usisubiri upungue ndo furaha irudi. Nenda ukaongee na daktari. Sio udhaifu wala sio uvivu.

MamaWawili_Mbezi

Nimesoma zote, za nesi nimezisoma mara tatu. Kliniki naenda Jumatano, mume wangu amesema atanisindikiza.

Mzani nimempa wifi akae nao kwake. Kiuno kumbe kimepungua sentimita 6 na nilikuwa sijui! Jana tumecheza rede nyuma ya nyumba, chupa sijaijaza hata nusu, mwanangu leo ameamka anauliza mama tunacheza tena saa ngapi. Jumamosi mimi na wifi tunakwenda Daraja la Tanzanite, kilomita moja na kidogo kwenda, hivohivo kurudi, upepo wa bahari bure. Tutakuwa upande wa Coco saa 12 na nusu asubuhi, tunatembea tu hatukimbii, mtoto nitambeba mgongoni. Kama kuna mama yuko karibu aje, nimevaa fulana ya njano.