Wauza kadi za besiboli: "miaka 50 ya Aaron" haifanyi kadi kuwa adimu!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira tangu juzi, acheni niitoe hapa, hasa kwa wenzangu wa huku Marekani mnaokusanya kadi za zamani za besiboli.

Kuna muuzaji, simtaji, tulishapatana bei ya kadi ya mchezaji Hank Aaron, ya kampuni ya Topps, ya mwaka 1954, namba 128, ile ya mwaka wake wa kwanza kwenye ligi kuu. Pembe zimelika, ina mkunjo, na bei ilizingatia hayo yote. Kabla sijatuma hela, jamaa ananiandikia kwamba imepanda kwa theluthi nzima. Kisa? Mwaka 2024 ilitimia miaka 50 tangu homurani yake ya 715 (mpira uliopigwa hadi nje ya uwanja)!

Sasa hiyo inahusiana nini na mkunjo wake? Homurani ile Aaron aliipiga Atlanta tarehe 8 Aprili 1974, akaipita rekodi ya Babe Ruth ya 714. Kadi ninayoitaka ilichapwa miaka 20 kabla. Kama unauza sherehe, uza Topps ya 1974, namba 1, iliyomtangaza mfalme mpya wa homurani kabla hata hajaivunja rekodi, maana msimu wa 1973 aliumaliza akiwa na 713. Lakini hiyo hawaipigii kelele, kwa sababu imejaa kila kona na ikichakaa kidogo unaipata kwa bei ya mlo wa mgahawani.

Na hata hivyo, maadhimisho yanaongeza wanunuzi wa msimu tu. Kadi yenyewe haipungui hata moja. Tena watu wakimwona Aaron kwenye runinga ndipo wanakumbuka maboksi ya marehemu baba yaliyoko darini, na kadi zinazidi sokoni. Kelele zikiisha, aliyenunua kwa bei ya sherehe anabaki ameishika.

Halafu hili neno "adimu" wanavyolichezea! Juzi nimeona Aaron ya Topps ya 1957 inauzwa eti "adimu, ina kosa", kwa kuwa picha imegeuzwa na anaonekana anapiga kwa mkono wa kushoto. Ndugu zangu, kosa lile Topps hawakulisahihisha. ZOTE ziko hivyo!

Uadimu wa kweli upo, sikatai. Kadi ya mchezaji Honus Wagner ya seti iitwayo T206, iliyotoka kwenye pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, zinazojulikana ni kama 60 hivi, na mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25. Ila kwenye seti hiyohiyo kuna kadi ya Joe Doyle yenye kosa la jina la ligi, ambayo ni adimu kuliko Wagner kwa mbali, na bei yake haimsogelei. Doyle nani anamjua? Kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya Topps ya 1952 ndiyo kichekesho kabisa. Ni kweli kadi za mwisho za seti ile zilibaki ghalani hadi Topps wakazitupa baharini mwaka 1960. Lakini Mantle alichapwa mara mbili ya wengi wa majirani zake kwenye karatasi kubwa ya kiwandani kabla kadi hazijakatwa, kwa hiyo wao ndio adimu zaidi. Mantle mmoja akaenda kwa dola milioni 12.6 Agosti 2022, kwa sababu watu wanampenda yeye, na kadi ile ilikuwa safi ajabu, pembe kama zimekatwa jana.

Kwa hiyo muuzaji, niambie mchezaji ni nani, pembe zikoje, picha imekaa katikati au imeegemea upande, imepimwa ubora na kupewa daraja gani na kampuni gani. Hapo tutajadiliana bei mpaka usiku. Sherehe mwachie mwenye keki.

Wakati tuko hapa, angalizo kwa wageni: Topps waliichapa upya seti ya 1952 mwaka 1983. Nakala hizo ni ndogo kuliko za awali, nendeni na rula.

Bado naitafuta Aaron ya 1954, pembe mbovu ruksa, mkunjo ruksa. Mwenye nayo aje inbox na picha za mbele na nyuma. Ukianza na "miaka 50", usijisumbue.