Mrejesho: bustani yangu ya Leeds wakati wa baridi

Wakuu, mwaka juzi niliuliza nipande nini ili kibustani changu hapa Leeds, Uingereza, kisibaki udongo mtupu wakati wa baridi. Asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kupanda kichaka cha Cornus alba: majani yamepukutika, yamebaki matawi mekundu kama pilipili mbivu, na theluji ilipoanguka, jamani! Machi nimeyakata karibu na ardhi kama mlivyosema, maana wekundu hukolea kwenye machipukizi mapya. Helebori nazo, yale maua ya msimu wa baridi, zilichanua tangu Januari.

Kamelia, kile kichaka cha maua, ndiyo imenishinda. Niliiweka ukuta wa mashariki. Jua la asubuhi likavipiga vitumba vikiwa bado na barafu, vyote vikawa kahawia na kudondoka. Nimeihamishia magharibi. Yule aliyenionya, samahani, nilijifanya mjuaji.