Tupeane uzoefu: ulipoanza kusoma historia ya vita, nani alikuingiza chaka?

Mtoto wa Kyaka
Wakuu, habari za jioni. Jana nimeangalia video moja ya Vita vya Kagera. Msimulizi ana sauti nzito kama ya matangazo ya vifo, anasema daraja la Kyaka lililipuliwa na askari wetu wakirudi nyuma. Nimekulia ng'ambo ya mto ule. Kila mzee pale atakwambia waliolivunja ni majeshi ya Amin, Novemba 1978, ili jeshi letu, JWTZ, lisivuke. Nikasoma maoni chini: "asante kwa elimu". Nikajikumbuka nilivyoanza, nameza kila kitu. Tupeane uzoefu.

Nyuki Dume
Mimi ni vita ya Tanga, Novemba 1914. Niliamini Wajerumani walitega mizinga ya nyuki ili Waingereza waking'atwa wakimbilie baharini. Nilibishana hadi nikapoteza rafiki.

Sahare
@Nyuki Dume kwani uongo? Bibi yangu wa Tanga alisema hivyo hivyo.

Nyuki Dume
Nyuki walikuwepo, hilo halina ubishi. Risasi zilipiga mizinga na wao wakauma pande zote mbili, hawakuwa na bendera. Habari ya mtego iliwafaa waliopigwa, yaani Waingereza. Ulikuja na watu kama elfu nane, ukatimuliwa na wapatao elfu moja. Utasema nini nyumbani?

Sahare
Umemwita bibi yangu mwongo mara mbili sasa.

Mjukuu wa Dereva
Mimi aibu yangu ilitokea msibani. Babu alipofariki nikapewa kazi ya kuandika wasifu wake, maana mimi ndiye "msomi" wa ukoo. Nilichojua ni kwamba alipigana Kagera, basi. Sikumuuliza mtu. Nikakesha mtandaoni, nikakuta mapigano ya Lukaya, Machi 1979, Walibya waliokuja kumsaidia Amin, roketi za Saba Saba zinanguruma, Kampala inaanguka tarehe 11 Aprili. Nikampachika babu humo humo.

Kesho yake turubai limejaa. Nasoma: "Marehemu aliingia Kampala akiwa juu ya kifaru." Watu wanaguna kwa heshima. Nilipomaliza, mzee mmoja mwenye bakora akanyoosha mkono. Akasema taratibu, "Mjukuu wangu, Kampala sisi hatukuiona. Tulikuwa na kamanda Mayunga. Tulishika njia ya Mbarara, tukaendelea magharibi. Babu yako alikuwa dereva wa lori la maji."

Kimya. Halafu mtoto mmoja akacheka.

Baada ya maziko shangazi akafungua sanduku la bati la babu, akanionyesha picha. Vijana watatu wameegemea lori, mmoja kavaa kandambili. Nyuma kwa kalamu ya wino, herufi zimelala: "Mbarara, Machi 79". Miaka yote imo chumba cha pili, na mimi nakesha na simu.

Kidole Tumbo
Nimecheka hadi nimeshushwa kwenye daladala.

Mtoto wa Kyaka
Pole mkuu. Na uzi wangu ndiyo umekwisha hivyo.

Mama Nasra
Huyo mzee wa bakora yu hai? Mrekodi leo, usingoje Idi!

Hakimu wa Facebook
Wazee nao wanachanganya. Baba mdogo kila mwaka Walibya wanaongezeka, sasa wamefika laki. Someni nyaraka.

Mama Nasra
Nyaraka za nani? Taarifa ya vita anaiandika ofisa anayetaka cheo. Dereva wa maji hana cha kukudanganyia.

Hakimu wa Facebook
Ana sifa za kijiweni.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, msigombane. Mimi kilichonifumbua macho ni Maji Maji. Hesabu za Wajerumani: waliokufa 75,000. Wanahistoria wengine: 250,000 hadi 300,000. Nikamuuliza mwalimu wangu nani mwongo. Akasema, kwanza uliza nani kahesabiwa. Wengi hawakufa kwa risasi; walichomewa mashamba na maghala, wakafa kwa njaa hata baada ya bunduki kunyamaza. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kwenda vijijini na madaftari kuwahoji wazee waliokuwa bado hai. Yaani mdomo wa mzee na karatasi vinakaa meza moja.

Kidole Tumbo
Mimi nafungua kurasa za mwisho kwanza. Kitabu hakisemi habari kimezitoa wapi, nakirudisha kwa muuzaji.

Nyuki Dume
Kwa Kagera anza na *Kuzama kwa Idi Amin* cha Baldwin Mzirai, 1980, Kiswahili chetu. Ila kimetoka vita vimeisha jana, na sisi ndio tuliokuwa tumeshinda. Baada ya hapo tafuta Mganda akusimulie alivyoyaona ya kwake.

Hakimu wa Facebook
Mimi nasema anza na ramani. Ukijua barabara ya Masaka, ile ya kwenda Kampala, iko wapi na ya Mbarara iko wapi, mtu hakuingizi babu kwenye kifaru.

Mjukuu wa Dereva
Hilo limenichoma, kaka.

Sahare
Nimempigia bibi. Anasema yeye alisikia kwa mumewe, na mumewe alisikia kwa kinyozi.

Nyuki Dume
Mpe shikamoo yangu.

Mama Nasra
Mjukuu, ile picha umeipiga nakala?

Mjukuu wa Dereva
Shangazi kaifungia kabatini. Anasema hatoi mpaka niandike wasifu upya, nikausome pale pale, mzee wa bakora akiwepo.