Raspberry Pi 4 kwenye runinga ya 4K: nipangeje resolusheni ili filamu isisuesue?

Muulizaji

Wanajukwaa, salaam. Nina Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) yenye LibreELEC, mfumo wa uendeshaji, na Kodi, programu ya kuchezeshea video, iliyounganishwa kwa HDMI na runinga ya 4K sebuleni, nayo hutumiwa na familia nzima kutazama filamu zilizo kwenye diski ya nje. Nilichagua 3840×2160 kwa Hz 30 (skrini kuchorwa upya mara 30 kwa sekunde), kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha juu kilichoonekana kwenye orodha. Tangu hapo menyu ni nzito kuitikia rimoti, picha husuasua kamera inapopita taratibu juu ya mandhari, na maandishi ya pembezoni hukatwa. Ningependa kuelewa kipi kinasababisha kipi, wala si kupewa namba za kunakili tu.

Fundi wa Ilala

Ndugu, hayo ni matatizo matatu yenye vyanzo tofauti, na lililo kubwa kwa maoni yangu ni la mwendo. Filamu nyingi za sinema zina fremu 23.976 kwa sekunde, ilhali skrini yako inachorwa upya mara 30. Kwa hiyo katika kila fremu nne moja hulazimika kurudiwa, na jicho huliona hilo mara moja kamera inaposogea polepole. Fungua mipangilio ya kichezeshi, sehemu ya video, kisha uiruhusu Kodi kubadilisha Hz za skrini kila video inapoanza na inapokwisha.

Menyu irudishe kwenye 1920×1080 kwa Hz 60. Hupotezi kitu, kwani menyu ni maandishi na mabango tu, na kichakata michoro kitachora pikseli milioni 2 hivi kwa kila fremu badala ya milioni 8.

Baada ya hapo panda hadi ngazi ya juu kabisa ya mipangilio, uingie sehemu ya skrini, na utaikuta orodha ya viwango vinavyoruhusiwa. Weka alama kwenye 3840×2160 na 1920×1080 kwa Hz zote kuanzia 23.976 hadi 60, ukiviacha vile vyenye herufi i (ambavyo huchora mistari ya picha kwa kupishanisha). Ukiiacha orodha hiyo tupu, Kodi itabadilisha Hz peke yake bila kugusa resolusheni, na filamu ya 4K itapunguzwa hadi 1080 bila wewe kuarifiwa. Usiziruke Hz 25 na 50, maana vipindi vya runinga za kwetu Afrika Mashariki hufuata mfumo huo.

Mdau wa Mombasa

Naunga mkono, na naongeza kuhusu maandishi yanayokatwa. Hapo runinga ndiyo inayoikuza picha kidogo, desturi iliyorithiwa kutoka runinga za kioo cha zamani, ambazo kingo za picha zilifichwa nyuma ya fremu. Tafuta kwenye menyu ya runinga yenyewe ukubwa wa picha unaoonyesha kila pikseli kama ilivyotumwa. Usikimbilie kuipunguza picha ndani ya Kodi, kwa sababu runinga itaivuta tena na makali yake yatapotea.

Hz 60 katika 4K hazionekani kwa sababu Pi 4 huhitaji mstari hdmi_enable_4kp60=1 kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, pamoja na kebo kuchomekwa kwenye tundu la HDMI lililo karibu na tundu la umeme. Runinga nyingi pia huhitaji tundu husika liruhusiwe kupokea mawimbi kamili, na kebo iweze kubeba gigabiti 18 kwa sekunde. Hata hivyo, kwa filamu za fremu 24 huhitaji hayo yote. Ni ya video za 4K zenye fremu 50 au 60, kama michezo.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Menyu sasa ni nyepesi na filamu zinatiririka. Imebaki video moja ya 4K iliyopigwa kwa simu, ambayo bado inakwama.

Fundi wa Ilala

Angalia imebanwa kwa mfumo gani, H.264 au H.265 (njia mbili za kubana video ili faili liwe dogo). Pi 4 hufungua H.265 hadi 4K kwa fremu 60, lakini H.264 huishia 1080. Ikiwa ni H.264, hakuna mpangilio wa skrini utakaosaidia. Igeuze iwe H.265 kwenye kompyuta yenye nguvu zaidi, na kwenye simu chagua H.265 kabla ya kurekodi nyingine.