Mrejesho: binti yangu wa softiboli na makocha wa vyuo

Habari zenu wakuu, ni mimi niliyeuliza mbona makocha wa vyuo hawamjibu binti yangu imeili zake, tuko huku Texas anacheza softiboli (mchezo unaofanana na besiboli), ni mrushaji wa mpira, kipindi kile alikuwa gredi ya 10. Mliosema ni sheria mlikuwa sahihi kabisa, kocha wa Divisheni 1, daraja la juu la NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), haruhusiwi kuongea naye mambo ya kumsajili mpaka Septemba 1 ya gredi ya 11, na kweli tarehe ilipofika tu simu zikaanza kuita, mke wangu alilia jamani.

Kilichombeba ni video. Tulitoa miziki na mbwembwe zote tukaacha mirusho tu, kamera nyuma ya kechi (mdakaji wa mpira), umbali ule ule wa futi 43 wanaorushia chuoni, halafu ile chenjiapu yake ambayo mkono unaenda kasi ileile ila mpira unachelewa kufika. Makocha wawili wameitaja hiyo hiyo. Hapo nampa kocha wake maua yake, alikataa kumfundisha mipira ya kupinda kabla hajaimudu hiyo chenjiapu.

Dada uliyenisisitizia masomo Mungu akubariki, kumbe Divisheni 1 wanataka kozi 16 za msingi za sekondari na 10 ziwe zimeisha kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, ikabidi tupange upya ratiba yake.

Divisheni 3 hawatoi skolashipu ya michezo ila kuna chuo anakipenda sana, mwenye uzoefu na misaada yao mingine ya ada aniambie.